Mkaguzi Huja na Chai Yake

Ukichaguliwa mkaguzi, kabla ya kununua kalamu nunua chupa ya chai. Isiwe kubwa. Ya kutosha vikombe viwili, na kifuniko kisichovuja, kwa sababu utaibeba kwenye kikapu pamoja na vitabu vya watu, na vitabu vya watu vikilowa chai ni wewe utaulizwa.

Najua mmeanza kucheka. Chekeni mmalize. Kazi hiyo niliifanya mpaka magoti yakakataa ngazi, na nyinyi vijana mlioingia kwenye kamati juzi mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Sina mengi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msitafute hapa maneno ya kuvaa tai.

Wiki jana nilikuwa nachambua maharagwe, redio inaongea. Wakasema nchi za huku kwetu zinataka siku moja zitumie pesa moja, na ndiyo maana kila nchi itapewa kipimo cha kukopa, isikipite. Mjukuu wangu Njeri akaniuliza, "Shosho, na nchi kubwa ikipita, ni nani ataiambia?" Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe, hayo mengine yote ni salamu. Mambo ya nchi siyajui. Lakini vikundi navijua, na kikundi ni nchi ndogo. Kina mwenyekiti wake, kina sanduku lake, kina kiburi chake.

Muungano wetu mnaujua lakini hamkuuona ukizaliwa, kwa hivyo nitawaeleza. Benki ilikuwa haitaki kukopesha kikundi cha akina mama wa sokoni peke yake. Ikasema, tafuteni wa kuwadhamini. Sasa nani atamdhamini mtu wa kuuza mboga, wa sukuma wiki? Tukadhaminiana sisi kwa sisi. Vikundi vya Kangemi, vya Mountain View, vya Kawangware, vya Jamhuri, baadaye hata wale vijana wa Kilimani wa maofisini. Kila kikundi kilibaki na mambo yake: mkitaka mwenyekiti awe mlevi, ni shauri yenu. Lakini kwa benki tulikuwa mtu mmoja. Kimoja kikishindwa kulipa, benki inakata kwa wote. Ndiyo tukaweka sheria moja ya wote: deni la kikundi lisipite akiba yake mara mbili. Na tukachagua wakaguzi wa kuzunguka kuangalia.

Kuweka sheria kulichukua mchana mmoja, na soda. Kuifuata ndiko kulitumalizia miaka.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Priska, mama wa Kimaragoli aliyekuja Kangemi akiwa msichana na kufua nguo za watu mpaka akanunua ploti. Huyo ndiye aliyeleta chai ya kubeba. Mwanzoni wakaguzi walikuwa wanakwenda mikono mitupu. Priska akatumwa kukagua kikundi kimoja cha Kawangware. Wakamkaribisha, wakamkalisha kiti cha mgeni, wakamchinjia kuku. Sasa mnajua watu wa Western, kule magharibi, hawakatai kuku. Akala, wakamwongeza firigisi ambayo ni ya mgeni wa heshima, akajipangusa mdomo, kisha akaomba vitabu. Kuangalia, deni limepita kipimo mpaka halionekani lilikoenda. Akafungua mdomo aulize. Mweka hazina akamwangalia kwa huzuni kama mtu aliyesalitiwa.

"Mama Priska, si tumekupea hata firigisi?"

Priska alikuwa anasimulia hivyo akijipiga paja. "Firigisi ilikuwa bado hapa," anashika koo, "sasa ningeulizia wapi?" Alirudi na ripoti inayosema kikundi kiko sawa, na mwezi uliofuata benki ikatukata sote.

Tangu hapo ikawa sheria. Mkaguzi huja na chai yake. Anakunywa yake, anasoma, na vitabu vikishafungwa ndipo anaweza kula cha watu. Haikupendwa. Sisi si watu wa kukatalia chakula mlangoni. Siku ya kwanza natoa chupa yangu kwa kikundi cha huku juu Mountain View, mwenyekiti akaniuliza, "Kwani umefikiria tutakuwekea nini?" Nikamwambia, "Nimefikiria mtaniwekea sukari mingi." Akacheka, na aliyecheka ameshakubali. Jifunzeni hilo pia. Usihubiri. Sema neno moja, fungua kitabu.

La faini nalo nitawaambia, kwa sababu nimesikia kuna mmoja wenu anataka kuirudisha.

Mwanzo tulikuwa tunapiga faini. Kikundi kikipita kipimo, kilipe. Ilionekana ni akili sana. Kukawa na kikundi kimoja kimepita, tukakipiga faini ya nguvu, na kwa siku chache tu kikaleta pesa yote, noti mpya. Tukasifu. Tukasema, mmeona, sheria ina meno. Kumbe hao watu walikwenda wakakopa kwa kikundi jirani ndipo walipe faini. Deni lao likazidi kupanda. Na jirani, ili amkopeshe, alikuwa amekopa kwingine, naye akapita kipimo. Tulikuwa na mgonjwa mmoja, faini ikatupatia wawili. Priska alicheka mpaka leso ikaanguka. "Mtu anazama," akasema, "na nyinyi mnamwongezea jiwe ati ajifunze kuogelea."

Tukaacha faini. Tukaweka benchi.

Benchi mmeliona, liko ukutani kwenye kile chumba tunachokodi mjini, juu ya duka la kushona yunifomu, River Road. Watu huuliza kwa nini tunakutana mjini na hakuna anayeishi huko. Ni kwa sababu mjini hakuna mwenyeji. Ukihukumia mtu Kangemi, watu wa Kangemi wanajaa dirishani. Ukienda Jamhuri, watu wa Jamhuri ndio wenye viti. River Road wote ni wapita njia. Basi kikundi kikipita kipimo, mwenyekiti wake anatoka kwenye meza anakaa benchini. Hapigi kura. Kikundi hakipati mkopo mpya. Kinaandika chenyewe vile kitajirudisha, na kila mkutano kinasomewa kimefika wapi, wengine wote wakisikia, kabla ya chai. Hakuna senti inayotoka. Lakini niliona wanawake wazito, watu wa kuamrisha wapangaji, wakiomba bora wapigwe faini kuliko benchi.

Tena kuna msiba. Hapa msinichoke, ni kazi yenyewe.

Tulikuwa tumesema deni la msiba lisihesabiwe kwa mwaka mmoja. Ilibidi. Mtu akifa huku Nairobi na kwao ni Western, kumfikisha nyumbani ni gari, ni jeneza, ni kulisha watu, na huwezi kumwambia mfiwa angoje akiba ifike. Sheria ikiwa haina huruma watu wataivunja na watakuwa na haki. Lakini ukiacha mlango wazi kidogo, hata ng'ombe anapita. Sitanii. Nilikuta kikundi kimeandika deni kubwa la msiba.

"Nani alikufa?" nikauliza.

Wakaangaliana. "Ni ng'ombe, mama."

"Ng'ombe alikuwa mwanachama?"

Mweka hazina akajibu bila kupepesa, "Alikuwa anachanga kuliko wengine."

Niliandika ng'ombe si msiba. Na tukaongeza kifungu: msiba uonekane. Mkaguzi aende matanga au atume mtu. Msiba wa kweli una majirani, una sufuria za kuazima, una mtu anayelia nyuma ya nyumba. Hauhitaji risiti.

Sasa niwafikishe kwa Nekesa. Nekesa ndiye mwenyekiti wa akina mama wa soko la Kangemi, na hata leo ukimwona utadhani ni mtu wa kunyamaza tu. Kikundi chake kilipata msiba wa kweli, nilikwenda matanga mimi mwenyewe. Lakini ndani ya deni hilo wakachomekea karo za watoto, kidogo hapa, kidogo pale. Tukatoa msiba, tukahesabu karo, ikabaki wamepita kipimo. Si kwa mbali, lakini wamepita. Na ilikuwa zamu yao ya mkopo. Walikuwa wamengoja mkopo huo wakodi vibanda vya ndani ya soko, vyenye paa, watoke barabarani ambako askari wa kaunti walikuwa wakiwamwagia mboga kila asubuhi waliyoamka vibaya.

Tukawapeleka benchi. Zamu ikapita. Nekesa alikaa pale msimu mzima wa mvua, anatoka kuuza nyanya kwenye matope anakuja mjini na viatu vimefungwa kwa karatasi ya plastiki, anakaa, anasomewa. Hakubishana hata mara moja. Siku ya kwanza tu aliniambia neno moja, tena kwa upole.

"Sawa, mama. Sheria ni sheria. Siku ya wakubwa nitakuwa hapa naangalia."

Siku ya wakubwa ilifika kabla yeye hajatoka benchini.

Wakubwa walikuwa kikundi cha Jamhuri. Watu wa mishahara, walimu wastaafu, wenye nyumba za kupangisha. Ndio walikuwa wakiweka pesa nyingi kuliko wote kwenye dhamana. Na mwenyekiti wao alikuwa Mama Wangari. Wangari ni mke wa mwanangu Kimani. Kwa hivyo huyo mama ni mkwe wangu, muthoni, na sisi Wakikuyu mnajua muthoni ni nani. Kwa muthoni huongei ukipandisha sauti. Kwa muthoni hukatai kiti, hukatai kikombe. Unakula hata umeshiba, unashukuru, unafungiwa ya kubeba.

Wakaguzi tulikuwa tunapiga kura ya karatasi kujua nani anakwenda wapi, na kikundi kikubwa kilipata wawili. Nikachota Jamhuri. Priska wakati huo alikuwa amerudi kwao, anafuga kuku bila wageni. Nikampigia simu nikamwambia nataka kubadilisha.

"Ubadilishe na nani?" akasema. "Tafuta mtu hana mkwe. Hii Nairobi yote tumeoana. Tukianza hiyo, kesho hakuna mkaguzi."

"Priska, ni muthoni."

"Najua. Beba chai."

Niliyeenda naye ni Brenda, msichana wa kikundi cha Kilimani, wa ofisi, anayekuja kwa teksi ya kuitwa kwa simu, na viatu vyeupe. Mwanzo nilimdharau, halafu nikaacha. Ni yeye aliyegundua ujanja wa mwisho wa mwezi. Vikundi vilikuwa vinalipa deni siku moja kabla ya ukaguzi kwa pesa ya kuazima, sisi tunakuta kumefagiwa, tukitoka wanarudisha. Brenda akasema tusiangalie siku moja, tuangalie mwezi mzima jinsi pesa ilivyopanda na kushuka, na siku hizi simu inakuonyesha yote. Hiyo ni kazi nzuri. Mwendelee nayo. Lakini simu haikuonyeshi uso wa mtu ukimuuliza, kwa hivyo bado mwende.

Tulipofika kwa Mama Wangari meza ilikuwa imejaa. Nduma, chapati, kuku wa kienyeji, chai ya maziwa inafuka. Alikuwa amevaa vizuri. Nikasalimia kama inavyotakiwa, nikauliza habari za watu wote mpaka wa Nyeri. Nikakaa. Nikatoa chupa yangu kwenye kikapu, nikaiweka mezani kati ya nduma na chapati.

"Mama Kimani," akasema, "hiyo ni nini?"

"Ni chai."

"Kwangu kumekosa chai?"

"Kwako kumejaa, mkwe. Nitakunywa hesabu ikiisha."

Akaiangalia ile chupa. Ilikuwa ya bluu, imechubuka. "Nilikupa msichana wangu," akasema, "leo unanikatalia kikombe."

Brenda akainamia simu yake kama ameitiwa na Mungu. Mimi nikamimina chai yangu. Nikanywa, lakini kuonja sikuonja kitu. Nikasema, "Tuanze na akiba."

Akiba ilikuwa safi. Deni la kikundi lilikuwa dogo, zuri, limekaa ndani ya kipimo kama mtoto kwenye shuka. Tukawa karibu kufunga. Lakini tulipokuja tulikuwa tumepita jengo la nyumba za kupangisha, ghorofa ya tatu inamwagwa zege, na kila mtu njiani anasema ni la kikundi. Nikauliza jengo linajengwa na nini.

"Huo ni mradi," akasema Mama Wangari. "Uko kando. Una jina lake."

"Umekopa?"

"Mradi umekopa. Si kikundi."

Brenda akainua kichwa, akauliza kwa adabu, "Mama, na nyumba zikikosa wapangaji, ni nani atalipa?"

Mweka hazina wao, aliyekuwa amekaa kando yake, akaanza kupanga vijiko.

"Ni sisi," Mama Wangari akasema mwishowe.

"Basi ni deni lenu," nikasema.

Tukaliweka pamoja na lile lingine. Lilikuwa limepita kipimo, tena si kama la Nekesa. La Nekesa lilikuwa limekanyaga mstari. Hili lilikuwa limeuacha mstari nyuma.

Sitamchora vibaya. Alikuwa na hoja. Aliniambia, "Sikiza. Hizo nyumba zikiisha zitalipa deni zenyewe. Na sisi ndio tunabeba huu muungano. Tukitoka, mtabaki soko ya sukuma. Wape watu wakubwa nafasi." Wengi wa kamati wangekubaliana naye, na si wajinga. Lakini nilikuwa nafikiria jengo likisimama katikati, benki ianze kukata, na ikianza kukata haitauliza nani alijenga. Itakata kwa Nekesa na kwa wengine wote.

Nikafunga kitabu. Nikasema, "Sasa mkwe, nitakunywa chai."

Akaanza kufunika sahani. "Imepoa," akasema.

Jumapili hiyo wajukuu hawakuletwa. Kimani akapiga simu. "Mathe, umefanya nini Jamhuri? Wangari amelia." Nikamwambia nimefanya hesabu. Jumapili iliyofuata tena hawakuletwa, na nyumba bila watoto Jumapili ina kelele zake, mtaziona mkizeeka.

Kabla ya mkutano Nekesa alinipata sokoni. Hakuniuliza nimeona nini, na singemwambia. Alinipimia vitunguu, akaongeza kimoja, kisha akakirudisha alipokumbuka mimi ni mkaguzi. Akasema, "Mama, kama hii sheria ni ya watu wa soko peke yetu, utuambie mapema. Vikundi vyote vya soko tumeongea. Tutachukua pesa yetu tuende." Na wangeenda, dhamana ingekuwa imekatika, na hata Jamhuri isingepata wa kusimama nao. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananipa bei.

Sasa sikilizeni jinsi ya kupiga kura, kwa sababu hapa ndipo vijana mnaharibu.

Usiulize, "Nani anakubali huyu aende benchi?" Hakuna atakayeinua mkono. Kila mwenyekiti anajua deni lake liko karibu na kipimo, anawaza leo mimi nimfunge, kesho anifunge. Tulipoteza kura nyingi hivyo. Watu wanaangalia dari. Priska akageuza. Alisema benchi liwe limeshakwisha kuamuliwa mkaguzi akisoma, na swali liwe moja tu: nani anataka kulizuia? Huyo asimame, ataje jina lake na kikundi chake, aseme mbele ya wote kwamba yeye yuko tayari kulipia deni hili likianguka. Wakisimama wengi kuliko waliokaa, benchi linazuiwa. Maneno ni yale yale, lakini uzito umehama. Kukaa kimya ni rahisi. Kusimama kuna gharama.

Siku hiyo chumba kilijaa. Chini cherehani zinalia, jua linaingia kwa dirisha la upande wa barabara. Mama Wangari alikaa mezani mahali pake, mkoba mapajani. Nekesa yuko benchini peke yake. Nilisoma ripoti bila kupunguza wala kuongeza, nikasema mradi ni kikundi na deni ni deni. Nikauliza lile swali.

Mwenyekiti wa Mountain View, ambaye naye alikuwa anajenga, akainuka nusu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akafunga leso yake upya kama ndiyo iliyomwinua, akakaa.

Halafu akasimama Tabitha.

Tabitha ni mwenyekiti wa kikundi changu mwenyewe. Msichana niliyemfundisha kushika kalamu ya hesabu. Alisimama wima, macho yana machozi.

"Mimi ni Tabitha wa Kangemi Juu. Sitetei Jamhuri. Nasimama juu ya Mama Kimani. Hawa ni wakwe zake. Huyu mama ametufanyia kazi miaka yote, na leo sisi tunamwacha aaibishe athoni wake mbele ya watu? Hiyo ni mila gani? Hata sheria iwe na heshima."

Chumba kikanong'ona, na nikajua tumekwisha. Kumtetea mwenye deni kulikuwa na gharama, lakini kumtetea mama mzee na wakwe zake ni tendo jema. Sasa kila mtu alikuwa na njia nzuri ya kusimama. Mountain View akaanza kukusanya leso tena. Mama mmoja wa Kawangware akasema, "Kweli, hiyo ni ngumu," viti vikaanza kulia sakafuni. Nikamwona Nekesa anafunga ile plastiki ya viatu vyake, polepole, kama mtu anayejitayarisha kuondoka.

"Tabitha," nikasema, "keti."

"Mama, ninakutetea."

"Hunitetei mimi. Unatetea jengo. Mimi mkwe wangu ninamheshimu kwa mbuzi wangu na blanketi langu la mahari. Siwezi kumheshimu kwa pesa ya Nekesa. Kama kuna aibu hapa ni yangu, na sijaita mtu anisaidie kubeba. Keti chini."

Akaketi. Wale waliokuwa nusu wakashuka nao, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka viti ni vya kukalia. Nikauliza swali mara ya pili. Hakusimama mtu.

Mama Wangari akainuka, akachukua mkoba wake. Tulidhani anaondoka, na Jamhuri yote inaondoka naye. Mlango ulikuwa upande mmoja na benchi upande mwingine. Alisimama pale katikati kidogo. Kisha akamgeukia Nekesa, hakunigeukia mimi.

"Benchi ni hili?"

Nekesa akasogea, akapangusa nafasi kwa leso yake. "Ni hili, mama. Lakini mguu wa huko ni mbovu. Kaa upande huu."

Akakaa. Walikaa hivyo wawili mikutano kadhaa, mwenye nyumba na mwenye nyanya, na sijui walikuwa wanaongea nini, lakini baada ya muda ikawa ukisoma hesabu unasikia wakicheka chini kwa chini mpaka unawaambia wanyamaze.

Akina mama wa soko walirudi ndani ya kipimo kwanza, wakapata zamu yao, wako ndani ya vibanda vyenye paa hata leo, nendeni mnunue. Jamhuri walisimamisha jengo kwenye ile ghorofa ya tatu, wakauza kiploti walichokuwa nacho Ngong, wakajirudisha taratibu. Walimaliza kujenga baadaye, na nyumba zina watu. Wajukuu walianza kuletwa tena, wakishushwa getini na baba yao. Lakini mkwe wangu hakukanyaga kwangu, na mimi kwake sikualikwa. Tulikuwa tunasalimiana River Road kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Mwaka wangu wa mwisho kwenye kazi, muungano ukachagua wakaguzi wapya. Kikundi changu, cha Kangemi Juu, kilikuwa kinangoja kukaguliwa, na vitabu siku hiyo vilikuwa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi, mukimo, nyama, chai ya maziwa ile nzito, kwa sababu sikuambiwa ni nani anakuja na mgeni ni mgeni. Getini akaingia Mama Wangari. Akasalimia kama inavyotakiwa, akauliza habari za watu wote mpaka wa Kinoo. Akakaa. Akaangalia sahani zangu zote. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa chupa ya chai, mpya, nyekundu, akaiweka kati ya mukimo na nyama.

Basi nikajua vile huuma. Niliingia ndani nikaleta vitabu.

Alisoma pole pole, miwani imeshuka puani, anakunywa ile chai yake ambayo kwa uso wake haikuwa na sukari ya kutosha. Aliuliza maswali magumu mawili. La pili Tabitha, aliyekuwa amekuja kama mwenyekiti wetu, alilijibu akitokwa jasho. Tulikuwa ndani ya kipimo, kwa kidogo, lakini ndani.

Akafunga kitabu cha mwisho. Akaivua miwani. Akakaza kifuniko cha chupa yake, akaisukuma pembeni ya meza.

"Haya, mkwe," akasema. "Sasa mimina."